Ufa Upande wa Kulia

Jiwe lilikuwa dogo, halizidi harage.
Likaruka kutoka kwenye lori la kokoto pale Ole,
likagonga, ta! likaenda zake.
Lori halikusimama. Lori lipi limewahi kusimama?
Kwenye kioo changu cha mbele ikabaki nyota
ya miguu minne, mmoja mrefu.

Gari langu ni Haisi, lakini viti nimevitoa:
nyuma mna godoro, jiko la gesi, dumu la maji,
na cherehani niliyoifunga kwa boliti isicheze njiani.
Shule zikikaribia kufunguliwa nalala humo,
leo Konde, kesho Micheweni,
nashona sare, natia viraka,
napunguza suruali ya kaka imfae mdogo wake.
Watu husema: Time kahama kwake, kahamia barabarani.

Shaame wa Machomane akatoa sarafu ya mia mbili,
akaiweka juu ya nyota.
"Ingejificha chini ya sarafu, ningesema gundi, basi.
Mguu huu umetoka nje. Tena tazama ulipokaa:
mbele ya jicho lako unapoendesha."
Gundi elfu thelathini, na alama itabaki.
Kioo kipya laki nne na nusu, kutoka Dar,
kwa boti hadi Mkoani, na boti ina siku zake.

Nikamwambia: usipoziba ufa utajenga ukuta.
Akacheka, akafuta mikono kwenye shati.
"Hiyo ya ukuta wa udongo, dada.
Kioo hakijasoma methali."

Mie ni mtu wa viraka.
Mkono wangu haujui kutupa kitu
ambacho bado kinashika uzi.
Kanga ya mama imekwisha hata jina,
limebaki pindo, nalo nalifungia mkasi.
Na laki nne na nusu ni sare thelathini,
usiku kwa usiku, chini ya balbu moja.
Nikaondoka na nyota yangu. Nikasema: nitaiangalia.

Nikaiangalia.
Kwa rangi ya kucha ya Salhina, nyekundu,
nikatia nukta pale ncha ya ufa ilipoishia,
nikaandika tarehe,
kama tulivyokuwa tukipimwa kimo mlangoni.
Jumatatu, hapa.
Alkhamisi, baada ya jua la Micheweni
na ndoo ya maji baridi niliyoimwaga bila kufikiri,
vidole vitatu mbele.
Usiku nikausikia ukisema tik.
Labda lilikuwa bati likipoa.
Niliwasha tochi hata hivyo.

Jumamosi nilitoka Konde mapema.
Njia ile asubuhi inakwenda usoni mwa jua,
na jua lilipoupata ufa likauwasha wote,
waya wa moto kutoka wipa hadi juu,
na nyuma ya waya sikuona kitu.
Nilikanyaga breki kwa miguu miwili.
Mtoto. Ndoo kichwani. Maji yakamwagika yote.
Shati lake nalijua:
kiraka cha bega la kushoto, uzi wa buluu
kwa sababu mweupe ulikuwa umenishia.
Yeye alicheka, akaokota ndoo.
Mie nilikaa pale mpaka injini ikazima yenyewe.
Kisha nikampigia Shaame: "Agiza."

Kilikuja baada ya siku kumi na tisa,
kimefungwa kwa blanketi, kimeandikwa USIKALIE
kwa mkono wa mtu aliyewahi kukalia kimoja.
Sina la kusema juu yake. Kinaonyesha barabara.

Cha zamani kilitoka kizima, na ufa wake.
Shaame alitaka kukitupa; nikakipakia nyuma, juu ya godoro.
Sasa kimelala juu ya matofali sita nyumbani,
kinakinga miche ya pilipili isichakurwe na kuku.
Tarehe zipo, nyekundu, moja baada ya nyingine.
Salhina ananiuliza mbona sizifuti,
na rangi yenyewe ilikuwa yake.
Nimemwambia aje aone:
tangu uache kazi ya barabara,
ufa haujasogea hata upana wa uzi.