Kiti Karibu na Kikaushio

Uliniuliza, Sointu, siku tuliyomzika shangazi Lempi,
tukingoja kahawa ichemke,
kwa nini mimi, mwanamke wa miaka hamsini na tisa,
kila Alhamisi hujiita Hurme
na kubeba shoka nisiloweza kulinyanyua.

Sikukujibu. Nilikuwa na mkate mdomoni.

Tunakutana chumba cha kufulia, chini ya jengo letu, hapa Kemi,
kwa sababu kina joto na meza ndefu,
na mashine namba tatu hutetemeka
kila joka linapotokea, bila kuambiwa.
Nje, jua la Desemba huchungulia
kama mtu anayedaiwa, likarudi ndani.

Raili ni mwizi.
Usicheke. Muuguzi wa zamu ya usiku, mwaka wa ishirini na sita,
huhesabu vidonge mara mbili, akatia sahihi,
akamwita mwenzake naye atie.
Alhamisi huvaa viatu vya ngozi laini
na hakuna kufuli duniani linalomkatalia.
Dhahabu haimshughulishi. Huiba funguo.
Juzi aliiba kijiko cha mfalme, akakitazama,
akakirudisha mahali pake, kisha akakiiba tena.
Za mwizi arobaini, nikamwonya.
"Ndiyo kwanza ya tatu," akasema, akalamba kidole.

Kauko huendesha katapila la theluji,
mabega yake kama mlango wa ghala.
Tulimwekea upanga bila kumuuliza.
Akausogeza pembeni kwa kidole kimoja,
akachagua mganga.
Miaka mitatu sasa anatufunga vidonda,
ana dawa ya sumu, ya homa, ya laana,
wala hajatuambia ni nani aliyekuwa hospitalini
majira yale ya baridi alipochelewa kufika.
Tunachojua ni kwamba dadu ya kuponya
huishika mno kiganjani kabla ya kuitupa,
hata Raili huacha kutafuna.
Mganga hajigangi, wanasema.
Sheria zetu zinamruhusu.
Hajajaribu.

Onni ana miaka kumi na sita na kigugumizi.
Ungedhani atakuwa mchawi,
anayeua kwa kunyoosha kidole tu.
Ni malenga.
Hakuna anayemmalizia neno.
Zimwi la pangoni nalo hungoja, rungu hewani,
mpaka ubeti uishe.
Kuna usiku ubeti mmoja ulichukua
muda wote wa mashuka kufuliwa na kukamuliwa,
na zimwi likalia.

Kisha akaja Ilpo, wa kampuni ya bima.
Akakipekua kitabu cha sheria mpaka jalada la nyuma,
akauliza kama anaweza kuwa mkulima, basi,
mwenye mbuzi.
Tulibishana nusu saa. Mkulima hayumo kitabuni.
"Kutwa nawaambia watu mabaya yanayoweza kuwapata," akasema.
"Nataka kuwa mtu asiyejua."
Tukamwandikia kwa penseli.
Wachawi wawili wamekufa tangu siku hiyo.
Mbuzi yu hai.

Na mimi.
Onni husema mpiganaji ni kazi ya wavivu:
hana uchawi, hana ujanja, hana ubeti,
kazi yake kusimama mbele.
Wewe unakumbuka nyumba ya baba.
Unakumbuka mlango wa chumba chako,
na mimi nimeuegemea kwa ndani,
miaka kumi na miwili, mikono mitupu,
nyayo zake zikipanda ngazi.
Basi, ndiyo hiyo.
Nasimama mbele. Napenda kuwa na shoka.

Wiki iliyopita dadu ilinipa moja kati ya ishirini.
Nikaanguka darajani, damu ikanitoka,
na Kauko akaifumbata dadu yake, akaifumbata,
hata mashine namba tatu ikanyamaza.
Ilipotua iliviringika chini ya bomba la joto.
Tulilala kifudifudi sote watano, kwa tochi ya simu,
kuisoma namba.

Alhamisi ijayo kuna kiti karibu na kikaushio.
Njoo na penseli.
Utakachochagua, usiniambie sasa.