Kiinua Mgongo

Siku waliyonilipa kiinua mgongo pale bandarini,
miaka thelathini na moja ya kuhesabu magunia ya wengine,
kila mtu alikuwa na shauri: jenga vyumba vya kupangisha, Mabawa.
Mimi nikaenda mnadani, shamba la mkonge, Ngomeni,
nikarudi nakokotwa
ndani ya Landrova mia na tisa isiyo na kioo hata kimoja.

"Umenunua banda la kuku," alisema Mwantumu.
Hakukosea sana. Kiti cha nyuma kilikuwa na mayai.

Fundi Shemdoe wa Gofu akaizunguka mara tatu,
akagonga chesesi kwa bisibisi, akatega sikio.
"Mfupa upo," akasema. "Nyama tutatafuta."

Miezi minane
nikaota diferensha, nikala bushi na shokomzoba.
Tairi za matope, meno nje.
Pua ndefu ya kupumulia juu ya maji.
Winchi iliyopitia Horohoro, mpaka leo ina grisi yake ya dukani.
Taa nne pajini, keria, madumu, jeki ndefu kunizidi.
Springi tukaziongezea pleti mbili mbili:
kiinua mgongo changu kikainua mgongo wake,
wangu mimi bado unauma.

Watoto wa Barabara ya Kumi na Tisa wakaiita Twiga,
wakawa wanajipima urefu kwenye tairi.

Masika yakaingia. Nikasema, leo Amani,
leo Kwamkoro, kwenye laini za wachuma chai
alikozaliwa Mwantumu, ambako tope hula magari.
Akatoka na chupa ya chai, na mkate wa kumimina
umefungwa kwenye kitambaa.
Akashika mlango.
Akanyanyua mguu wa kushoto,
ukafika kwenye nati za gurudumu,
akaushusha.
Akaleta kigoda cha jikoni. Akajaribu tena.
Jirani akajifanya anafagia.

"Umeiandaa kwa mlima gani," akauliza,
"na mlima wenyewe uko hapa mlangoni?"

Nilikuwa nimepima kina cha mto Sigi kwa mti wa mhogo.
Goti la mke wangu, linalovimba mbele yangu kila alfajiri,
sikulipima.

Shemdoe akakata pleti ya springi kuukuu,
akachomelea kipandio, shubiri moja na vidole vinne toka ardhini,
kwa kipimo cha kandambili yake.
Elfu kumi na tano, na kipande cha mkate.
"Lakini mzee, kitagonga mawe.
Gari la porini haliwekewi ngazi chini hivi."
"Kigonge."

Kikagonga.
Kona ya nne juu ya Sigi, mlio wa sufuria lililoanguka.
Nikakanyaga breki. Mwantumu hakumwaga hata tone,
akaendelea kumimina chai.
"Hicho ni changu," akasema. "Twende.
Utakinyoosha tukifika."