Kipenyo cha Kalvati

Nimeshauri nchi kumi na moja.
Nimebeba mabegi yenye nembo za mikutano,
nikasema "ustahimilivu" hadi neno likalika
upande mmoja, kama kisigino cha kiatu.
Leo nimetumwa Moshi, nilikozaliwa:
chumba cha mipango, ghorofa ya pili,
feni inazunguka kama anayetafuta alichoangusha,
na Bwana Ndekirwa, afisa mipango,
ananifungulia rasimu ya miaka mitano.

"Tabianchi tumeiweka," anasema. "Sura ya tisa."
Kweli ipo. Kurasa nne na picha ya mlima,
theluji tele; picha ya zamani.
Imeandikwa vizuri. Haina senti.
Sura ya tatu ina barabara, ya nne ina maji,
ya tano zahanati,
na hakuna hata moja iliyowahi kuisalimu ya tisa.
Wanaishi nyumba moja
kama wake wenza walionuniana.

Sikumwambia hivyo. Niliomba makisio.
Barabara ya kushuka kutoka Kidia, kilomita sita,
makalvati kumi na manne,
kipenyo sentimita sitini.
"Sitini imetoka wapi?"
Akaitwa mhandisi, Bi Elinsia.
Akaja na jedwali la mvua, la taipu, limekunjwa mara nne,
na mwaka wa mwisho humo ni sabini na nne.
Mimi nilikuwa sijazaliwa.
Mvua ya leo tulikuwa tunaishonea gauni
kwa kipimo cha bibi yake.

Aprili iliyopita ilinyesha saa tatu tu.
Maji yakashuka na migomba, na mawe, na banda la mtu,
kalvati likabanwa koo,
barabara ikaondoka.
Maziwa ya Mama Aikaruwa yakachachia ng'ambo ile,
mkwewe akajifungulia ng'ambo hii,
kwa tochi ya simu, salama, Mungu mkubwa.
Kalvati lenyewe lilikutwa chini kwenye kahawa
zima, halina hata ufa.
Zege halikuwa na kosa.

"Na kiangazi?" nikauliza.
Elinsia akacheka kidogo.
Kuna katibu wa mfongo, Ndelilio,
ana daftari la shule, jalada lenye jedwali la kuzidisha,
ameandika zamu za maji tangu tisini na moja:
nani kafungua, nani kafunga, nani kagombana.
Mwanzoni zamu ilirudi kila siku ya nne.
Sasa ni siku ya tisa, na mwisho wa mfongo
maji hufika yamechoka, hayavuki jiwe.
Miaka yote hiyo, kwa kalamu ya bluu.
Nimeona nchi zikilipa mamilioni zipate kitu kama hicho.
"Halina muhuri," akasema Ndekirwa.
Tukanyamaza wote. Feni ikaendelea kutafuta.
Kisha akafungua droo, akautoa muhuri,
akaupuliza vumbi.

Usidhani kazi iliisha hapo.
Tisini si sitini; tisini ina bei,
na diwani keshaahidi kilomita sita
mbele ya kanisa, watu wakapiga vigelegele.
Tulikata ukuta wa ukumbi, tukakata viti vipya,
tukakata posho ya warsha ya kuelimishana
(yangu pia ilikuwemo; nilimeza mate).
Hesabu ikakubali makalvati tisa.
Matano yakabaki sitini.

Yapi matano?
Hilo hakuna aliyenifundisha kushauri.
Juu ya kila kalvati kuna nyumba,
na chini yake kuna nyumba.
Jua lilipogeukia dirisha la magharibi
sura ya tisa tulikuwa tumeifuta;
maneno yake yaliyofaa tumeyahamishia
kwenye safu za fedha, moja moja, kama miche.
Ile picha Elinsia aliomba abaki nayo.

Yale matano aliyaandika kwa penseli.
Nilimwona akiikwaruza taratibu, bila kukandamiza,
ili mwakani, pesa ikipatikana,
zisisumbue kufutika.