Kinachokula Betri

Duluth, Januari, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Nazungusha ufunguo, gari linajibu tak,
tak tena, kisha kimya,
kama mtu aliyekumbushwa deni.

Ni sedani ya milango minne, rangi ya majivu.
Tuliinunua Signe akiwa bado tumboni
kwa sababu muuzaji alisema: hii ni ya familia.
Hakusema familia ya watu wangapi.

Ilianza na taa ya injini, ile ya manjano.
Dale aliibandika plasta, tukaisahau.
Kisha kioo cha dereva kikashuka chenyewe
tukiwa katikati ya mashine ya kuoshea magari,
tukatoka tumelowa chapachapa, tumejaa povu, tunacheka.
Redio ikang'ang'ania kituo kimoja, cha mahubiri.
Halafu honi.
Honi ililia yenyewe saa tisa usiku,
na nyumba tatu kushuka mlima, sedani ya Bwana Haugen,
kiwanda kilekile, mwaka uleule,
ikaitikia.
Tulikutana barabarani, mabuti ya theluji juu ya pajama,
kila mmoja na spana mkononi,
tukapeana pole kama waliofiwa na mtu mmoja.

Kule tulikoinunua wameichomeka kompyuta mara nne.
Mara nne karatasi imesema: hakuna hitilafu.
Dola mia moja na arobaini. Hakuna hitilafu.
Mimi ni nesi wa zamu ya usiku, nayajua maneno hayo,
nimewahi kuwaambia watu waliokuwa wakiumwa.

Betri mpya Oktoba. Betri mpya Desemba.
Alternata nzima, mkanda mzima.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Sawa, lakini nguo ipi?

Fundi Vukelich, gereji yake nyuma ya kiwanda cha karatasi,
hakuchomeka kitu.
Alichomoa fyuzi, akatazama mita, akairudisha.
Akachomoa nyingine, taratibu, kama achambuaye mchele.
Kwenye ya kumi na moja mshale ukalala.
"Taa za ndani. Kuna moja haizimi."
Tukazitazama zote. Zote zimezima.
"Basi ni ile msiyoweza kuiona. Tia simu ndani ya buti,
irekodi, ufunge."
Signe, miaka minane: "Simu ya nini? Mimi natosha."

Na alitosha. Alijikunja kati ya koleo la theluji,
nyaya za kuazimia moto kwa jirani,
na koti la kazi la Dale ambalo sijalitoa.
Nikafunga.
Fundi akavua kofia, sijui kwa nini.

"Inawaka?"
"Inawaka, mama."

Kijiswichi cha plastiki, upana wa ukucha, kimekatika.
Nakijua kilivyokatika. Ni Machi, kwenye maegesho ya hospitali,
wamenikabidhi koti lake ndani ya mfuko,
na mfuniko wa buti ndio kitu pekee
nilichoruhusiwa kukibamiza.
Miezi kumi taa hiyo imeliangazia koti,
usiku na mchana, kwa gharama yangu.
"Kiangazi husamehe," alisema Vukelich. "Baridi haisamehi."

"Signe, toka sasa."
"Ngoja, nasoma."
"Unasoma nini?"
"Risiti za mfukoni mwa baba.
Mama, alikuwa akinunua donati mbili kila Ijumaa.
Mbili! Hakutuambia!"

Vukelich alinitoza dola kumi na moja.
Hakuwa na chenji, akampa Signe balbu iliyochomolewa,
ingali na joto kiganjani.

Asubuhi gari liliwaka kwa mguso mmoja.
Taa ya manjano bado ipo chini ya plasta.
Honi nayo haijapona: juzi, saa tisa usiku,
ililia mara mbili, na ya Haugen ikaitikia.
Nilikuwa macho. Sikuteremka.
Nilihesabu tu, nione ipi itanyamaza kwanza.