Masikio Hayana Kazi

Kofia ya vito haina haraka.
Tundu moja, zungusha uzi, kaza, geuza,
tundu la pili. Miezi mitatu kwa kichwa kimoja.
Mikono ina kazi. Masikio hayana.

Ndipo nikamwita Famau, mwana wa kaka yangu,
aniwekee podikasti simuni, za mambo ya pesa,
kwani chamani hapa Gadeni wamenifanya mweka hazina
eti naandika namba bila kuzipinda mkia,
na elfu arubaini na mbili zimelala
ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda,
nami naziatamia usiku kucha; haziangui.

Wa kwanza alipiga kelele.
Alinunua gari kabla sijamaliza safu,
akanunua la pili nikitafuta sindano iliyoanguka,
akasema maskini ni mtu aliyelala sana.
Mimi naamka kabla ya muadhini, bwana.
Nikamzima.

Wa pili alikuwa na sauti ya asali
na mahesabu ya nchi yenye theluji:
pensheni hii, kodi ile, nyumba ya mkopo wa miaka thelathini.
Nyumba yetu hapa Lamu ina warithi kumi na saba
na ngazi moja.
Nilimsikiliza siku mbili, kwa adabu tu.

Kisha vijana wawili, kucheka kwingi,
na kila dakika kumi wanamshukuru mdhamini,
na mdhamini ni kampuni ya kubashiri mpira.
Haya. Daktari wa meno anauza halua.

Bi Mwanaheri naye kapata yake, kaituma kwa kikundi:
weka elfu kumi, siku tisini, zarudi ishirini.
"Twangojani?" Na wenzake wanane wameitika inshallah.
Nikaisikiliza mara tatu, kalamu mkononi.
Nilitaka kusikia jambo moja: pesa hizi zafanya kazi gani
siku zote hizo tisini?
Mbuzi azaaye hula majani. Hizi zazaa bila kula.

Daftarini nikaandika maswali:
Huyu alipwa na nani?
Amewahi kupoteza, na alisema kiasi?
Riba aijua, au airuka kama dimbwi la kichochoroni?

Famau akacheka. "Shangazi, wawatahini!"
Nawatahini. Hata changu namfunua mashavu kabla sijamnunua.

Nilimpata Jumatano, nikiwa safu ya kumi na moja,
mwanamke asiye na muziki wa kuanzia.
Alikohoa. Akasema mwaka juzi alinunua hisa
kwa kuwa shemeji yake alinunua,
akataja alizopoteza, hadi senti.
Akaeleza hatifungani polepole, kama anayemwonyesha mtoto
pa kupitisha uzi; akaeleza mifuko isiyo na riba,
na nani huikagua, na kwa nini wakaguzi wenyewe hubishana.
Kisha msikilizaji akauliza: mwakani bei zitapanda?
Akanyamaza. Akasema, "Sijui."

Sindano ikasimama.
Miezi miwili nawasikiliza watu wa pesa,
huyu ndiye wa kwanza kutojua.
Nikarudisha nyuma, nimsikie tena asivyojua.

Leo alikuwa amefika kwenye ada.
Asilimia mbili, akasema, waiona ndogo,
lakini ihesabu kwa miaka ishirini, utakuta
bando likaisha.

Nimeketi na kofia magotini, najaribu mwenyewe:
katika kila matundu hamsini ondoa moja,
na safu ijayo ondoa tena.
Mwanzoni huoni kitu. Ukizunguka hadi upande wa pili wa kichwa
duara halikutani.

Kesho baada ya alasiri twakutana.
Bi Mwanaheri atakuja na simu yake, imeshafunguliwa.
Kopo sina jibu lake. Nina daftari,
na neno moja la kujifunza kulitamka bila aibu
mbele ya wanawake tisa.