Kizingiti

Barua ilikuja na muhuri wa zambarau:
nyumba yetu ya Mtaa wa India imeingizwa daftarini.
Tangu leo, yasema, ukuta usiguswe kwa saruji,
bati lisipakwe rangi, dirisha lisitobolewe
pasipo kibali, na kibali
kiombwe kwa nakala tatu.

Mama akaniambia, soma tena pale pa mlango.
Nikasoma: mlango, fremu, nakshi, kizingiti.
Akakitazama kizingiti
kama mtu amtazamavyo mdeni wake aliyepata cheo.

Kimeinuka shubiri nzima kutoka sakafuni.
Utotoni tulikikalia tukichambua mchele.
Mimi nilikivuka bibi arusi,
nikakivuka tena na sanduku langu, narudi.
Sasa mguu wa kushoto wa mama umesusa,
na kiti cha magurudumu alichopewa hospitali ya wilaya
hufika pale, hugonga mti, hurudi nyuma.

Nikaandika nakala tatu.
Naomba kukata kizingiti. Inchi nne tu.

Bwana Mhando wa Mambo ya Kale alikuja mwezi wa tano,
kanda ya kupimia mfukoni, matope viatuni.
Hakuwa mtu mbaya. Alibandika kiganja ukutani
kama ampimaye mtoto homa,
chokaa ikamwagika, chumvi ikamwagika.
"Hapa mtu aliziba kwa saruji," akasema.
"Jiwe la matumbawe hupumua. Mmelikaba koo."
Nikanyamaza. Alikuwa marehemu baba,
mwaka ule wa mvua kubwa,
mfuko mmoja, tena wa kukopa.

"Na kizingiti?"
"Kizingiti ni mlango, mama. Mlango umesajiliwa."
Mama akauliza, taratibu, akikunja pindo la kanga:
"Na mimi, mwanangu, nimesajiliwa wapi?"

Bwana Mhando alitazama ng'ambo,
nyumba ya akina Chande, iliyotutangulia daftarini.
Haikuguswa, kama sheria itakavyo.
Miaka kumi na mmoja haikuguswa,
hata usiku mmoja wa Aprili ikalala chini yenyewe.
Mvua haikuomba kibali.

Ni Fundi Dihenga aliyeingia kifusini.
Akatoka na boriti mbili za mkoko,
nyeusi, ngumu, zingali zinanuka moshi wa majiko ya watu.
Sikuuliza kama kifusi nacho kimesajiliwa.
Akachonga daraja la mteremko,
huku kupanda, kule kushuka,
bila msumari hata mmoja kugusa mlango.
Usiku huegemezwa ukumbini. Asubuhi hutandikwa.

Bwana Mhando aliporudi alilizunguka mara mbili.
Akalikanyaga. Likamstahimili.
Akafungua kitabu, akalamba kidole,
akaandika: *Kitu cha kuhamishika. Hakihusiki.*

Mama hakuwepo kumsikia.
Alikuwa nje, upande wa jua,
akimwambia muuza kashata
asogeze sinia lake, magurudumu yapite.