Sufu ya Ukuta wa Kaskazini

Machi, kisiwani Hiiumaa, theluji ikilegea paani,
kaka yangu Ülo alitia mtaimbo kwenye mbao
na ukuta ukashusha pumzi:
harufu ya kondoo aliyenyeshewa,
kondoo tuliyemla mwaka niliong'oka jino la kwanza.

Baba aliijaza sufu hiyo mwenyewe,
konzi kwa konzi, bila kuishindilia.
"Si sufu inayotutia joto," alikuwa akisema,
"ni hewa iliyolala ndani yake. Msiiamshe."

Miaka thelathini haikuamka.
Ukungu ulipopanda kutoka baharini, sufu iliunywa
hadi theluthi ya uzito wake, na mkono usijue;
tena ikinywa hutoa kijivuguvugu
kama ng'ombe acheuaye gizani.
Likitoka jua, iliurudisha mvuke nje, taratibu,
kama mtu alipaye deni asilodaiwa.

Kisha Baba akazeeka, akaanza kuiogopa baridi.
Fundi wa mjini akafunga plastiki upande wa nje,
rangi ya mpira juu yake, silikoni kila penye mwanya.
Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Baba aliziba nyufa zote,
na huu hapa ukuta, tunaujenga.

Birika, nguo mbichi, supu ya kabichi,
pumzi zetu za usingizi:
vyote viliingia humo, visione pa kutokea.
Tone likakaa pale hewa ilipolala.
Na maji hayajui kutunza;
ukiyapa joto, hukimbia nalo hadi nje.
Msimu ule Baba alichoma kuni maradufu,
akala chakula amevaa koti,
akatugombeza kwa mlango
ambao hakuna aliyeuacha wazi.

Juu ya boriti, kwa penseli, mwandiko wake: kilo tisa.
Tumeipima. Kumi na saba.

Ülo anataka tuichome.
Iliyooza nimemwachia, nyeusi, inateleza kama mwani.
Iliyobaki nimeichambua nikaianika juu ya uzio
na majirani wanapita wakitazama,
hawaulizi; huku watu hawaulizi.

Jana jioni upepo ulikuwa mkavu.
Nilizamisha mkono katika fungu moja, nikangoja.
Kwa muda, hakuna kitu.
Halafu joto langu mwenyewe
likaanza kunirudia.